Maswali ya Wasomaji: Jeshi Likivuka Mpaka, Nani Anabaki na Deni?

Mhariri, salaam. Uganda inailipa Kongo fidia ya vita vya 1998. Rwanda nayo ilikuwa humo humo, hata tukapigana nayo Kisangani mwaka 2000. Mbona yenyewe haikuambiwa ilipe hata senti? (Msomaji, Kasese)

Rwanda haikushinda kesi, ndugu. Kesi yenyewe haikusikilizwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, haiwezi kuihukumu nchi ambayo haijakubali kuhukumiwa. Njia moja ya kukubali ni kuweka tamko Umoja wa Mataifa kwamba uko tayari kushtakiwa na nchi yoyote yenye tamko kama lako. Uganda iliweka lake Oktoba 1963, uhuru ukiwa na mwaka mmoja tu. Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, iliweka 1989. Rwanda haikuwa na tamko. Kongo ikajaribu kupitia mikataba mingine, ukiwemo ule wa mauaji ya kimbari, lakini Februari 2006 mahakama ikasema haina mamlaka. Kama Rwanda ilikosa au haikukosa, halikuguswa.

Uganda ilijitetea kwa hoja mbili kubwa: iliruhusiwa kuingia, na ilikuwa ikijihami. Hukumu ya 19 Desemba 2005 ilizipima moja moja. Ruhusa ilikuwepo kweli, na Aprili 1998 nchi hizi mbili zilitia saini itifaki ya usalama wa mpakani. Tatizo ni kwamba ruhusa ya namna hii huondolewa wakati wowote, bila barua wala muhuri. Mahakama ilisema kufikia 8 Agosti 1998 ilikuwa imeshaondolewa, na askari hawakutoka. Kuhusu kujihami, waasi walikuwa wakivuka kutoka Kongo kuingia Uganda kupitia Rwenzori, lakini jeshi likateka miji na viwanja vya ndege mamia ya kilomita kutoka mpakani. Mahakama iliikataa hoja hiyo, ikiongeza kuwa hatua hizo hazikuonekana kuwa na uwiano na mashambulizi ya mpakani. Zaidi ya hapo, Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ilihesabiwa kuwa eneo lililokaliwa na Uganda, na anayekalia eneo hubeba dhamana ya usalama wa raia wake, hata wakiuawa na makundi mengine.

Februari 2022 fidia ikapangwa: dola milioni 225 kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Jumla milioni 325, katika mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022, na riba ya asilimia 6 kwa fungu litakalochelewa. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. (Watu husahau kuwa Kongo nayo ilikutwa na kosa la kushambulia ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa. Uganda iliamua kutodai fidia yake.)

Na wakubwa je, hawashtakiwi? (Msomaji, Mbale)

Hushtakiwa, na hata kushindwa. Juni 1986 mahakama hiyo hiyo iliikuta Marekani na makosa ya kuwapa silaha na mafunzo waasi wa Contra waliopigana na serikali ya Nikaragua, na kutega mabomu katika bandari za Nikaragua. Hukumu isipotekelezwa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa unamruhusu aliyeshinda kwenda Baraza la Usalama. Nikaragua ilikwenda. Oktoba 1986 nchi 11 ziliunga mkono hoja ya kutaka hukumu itekelezwe, 3 hazikuegemea upande wowote, Marekani pekee ikapinga, na kwa kura yake ya turufu hoja ikafa. Februari 2022, Urusi ilipoingia Ukraine, kura zilikuwa zile zile: 11, moja ya kupinga, 3 zisizoegemea. Safari hii turufu ilikuwa ya Urusi. Nikaragua ilifuta dai lake 1991 bila kulipwa. Uganda haina turufu.

Operesheni Shujaa ina tofauti gani na 1998? Nafanya biashara Mpondwe, nataka kujua kama tutalipishwa tena. (Msomaji, Bwera)

Kwenye karatasi tofauti ni kubwa. Operesheni hii ya jeshi la Uganda ndani ya Kongo ilianza 30 Novemba 2021 dhidi ya ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, kwa ruhusa ya Kinshasa na bega kwa bega na jeshi la Kongo. Lakini ruhusa hufunika tu kile inachokitaja. Cha kuangalia ni kama imetolewa na serikali kuu, si gavana wala kamanda wa eneo, inataja maeneo gani, inakwisha lini, na askari akimdhuru raia, anahukumiwa na nani. Mambo yaliharibika Agosti 1998 kwa sababu ruhusa iliisha na operesheni ikaendelea kupanuka.

Februari 2025 jeshi la Uganda, UPDF, lilitangaza kuwa limeingia Bunia. Bunia iko Ituri, kule kule mahakama ilikosema Uganda ilikuwa ikikalia. Kwa hiyo mbunge wako akipita Mpondwe, usimwulize kama ruhusa ipo. Mwulize kama inaitaja Ituri kwa jina, na ni ya tarehe gani.