Nimealikwa chai Kyoto na goti langu bovu, nifanyeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Mie nipo Igoma, Mwanza, kiwanda cha minofu, mwezi ujao tunapelekwa Japani mafunzo na ratiba inasema siku moja tutakunywa chai ya kimila Kyoto. Mwenzangu ananitisha eti unapiga magoti masaa manne na chai yenyewe chungu. Goti langu la kulia bovu toka nidondoke na bodaboda. Niende au niseme naumwa? Mama Kulwa

JIBU: Nenda Mama Kulwa, nakuomba kabisa. Masaa manne ni ile shughuli kamili yenye mlo ndani yake, wageni wa kutembea kawaida wanapewa fupi, kama lisaa limoja hivi. Goti liseme mapema kabla hamjaingia, wengi wanaopokea wageni wana kistuli au watakwambia kaa utakavyo, hakuna atakayenuna, mwenyeji siku hiyo kazi yake ni wewe ukae vizuri.

Viatu mlangoni, kwa hiyo beba soksi safi. Pete, bangili, saa vua, vinakwaruza bakuli, na pafyumu usipake maana chumba kidogo.

Sasa huo uchungu. Hiyo chai yao ya kijani, matcha, ni majani yenyewe yamesagwa unga laini, hayachujwi, unayanywa yote, sukari hamna maziwa hamna. Ndo maana kitafunwa kitamu kinatangulia, mara nyingi cha maharage yaliyopondwa na sukari, na hicho ukimalize kwanza, usifanye kama sie na andazi, tonge huku funda huku. Utamu ukishakaa mdomoni ile chai inakuja vizuri mno, mi niliipenda palepale. Mwenyeji anaikoroga mbele yako kwa kamchapo ka mwanzi mpaka povu lije. Bakuli ukipewa liweke kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ulishike ubavuni, inamisha kichwa, lizungushe kidogo mara mbili kama saa inavyozunguka, sababu upande wake mzuri amekuelekezea wewe na wewe kwa heshima hunywei hapo. Funda la mwisho livute kwa sauti kabisa, ndo anajua umemaliza.

Aliyeupa utaratibu huu sura yake ni Sen no Rikyu, alikufa 1591, alipenda vyombo vya kawaida na kamlango kadogo ambako kila mtu anaingia ameinama, hata samurai, wale askari wa zamani wa Kijapani, na upanga anauacha nje. Wewe uliyekulia Usukumani, ukapiga magoti kusalimia wakubwa, hilo utalielewa hata bila mkalimani.

Ukirudi niandikie, na goti lilikuwaje.