Maswali ya Wasomaji: Travel Bug za darasa zimepotelea wapi?

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jiokashi, mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa kwa kufuata vipimo vya GPS. Ulianza Mei 2000, siku moja baada ya Marekani kuacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, pale Dave Ulmer alipoficha ndoo msituni karibu na Portland, Oregon. Travel Bug ni kibati cha chuma chenye namba, kinachofungwa kwenye kidoli au kitu kingine kidogo. Wachezaji hukihamisha kutoka kasha hadi kasha, na mwenyewe hufuata safari yake mtandaoni. Walimu wengi wanakitumia kufundishia jiografia.

Darasa langu la tano hapa Minneapolis lilitoa Travel Bug sita mwezi Oktoba, lengo likiwa kufika Mombasa. Zote tuliziweka kwenye kasha moja kubwa karibu na uwanja wa ndege. Mbili zimeshaondoka. Nne, ukurasa unasema bado zimo, lakini watu waliofika Januari wanaandika kwamba kasha halina kitu ila daftari. Wanafunzi wananiuliza kama zimeibwa. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Minneapolis*

Waambie kwamba bado haijulikani, kisha wafanye wao wenyewe uchunguzi. Kwanza waelewe kuwa kibati hakina betri wala chipu na hakitumi mawimbi yoyote. Ukurasa unaonyesha tu taarifa ya mwisho iliyoandikwa na binadamu. Mtu akichukua Travel Bug leo na asiandike, mtandaoni itaonekana imo kasha lile lile hata kama iko Texas.

Wizi wa kukusudia upo, hasa kwa sarafu za jiokashi, yaani sarafu zenye namba zinazosafirishwa kama Travel Bug, ambazo watu hukusanya. Lakini Travel Bug yenye kidoli cha mtoto mara nyingi hupotea kwa sababu za kawaida zaidi. Anayeanza mchezo huona kidoli akadhani ni kitu cha kubadilishana, akaweka kalamu na kumpelekea mwanawe. Mwingine huichukua kwa nia njema, ikakaa kwenye mfuko wa koti hadi msimu ubadilike. Wengine huihamishia kasha jingine wakasahau kuandika. Na kasha kubwa la karibu na uwanja wa ndege, linalojulikana kuwa kituo cha Travel Bug, ndilo linalosombwa lote kwa mkupuo. Huenda ndiyo maana zenu nne zimetoweka pamoja.

Fungua ukurasa wa kasha lenyewe, si wa Travel Bug, usome taarifa zote tangu Oktoba. Tafuta mtu wa mwisho aliyetaja kuziona, na wa kwanza aliyesema hazipo. Waliofika katikati ya tarehe hizo mbili ndio wa kuandikiwa, mmoja mmoja, bila lawama: "Habari. Travel Bug nne za wanafunzi wetu zilikuwa kwenye kasha hili ulipofika. Je, uliziona? Kama unazo, hakuna tatizo kabisa. Tunaomba uandike taarifa, kisha uziache kwenye kasha lolote ukipata nafasi." Ujumbe wa namna hii hujibiwa. Ule unaoanza kwa kutuhumu hufanya mwenye nayo aone aibu na kunyamaza, na hapo ndipo inapotea kweli. Mwandikie pia mwenye kasha umwombe akatazame, maana daftari la karatasi lina majina ya watu ambao hawakuandika mtandaoni.

Subiri wiki nne. Desturi ya wachezaji ni kutokaa na Travel Bug zaidi ya wiki mbili hivi bila kumwarifu mwenyewe, lakini walio safarini huandika wakirudi nyumbani. Kimya kikiendelea, tangaza kwenye ukurasa wa kila Travel Bug kwamba imepotea. Hilo huiondoa kwenye orodha ya kasha, watu wasiifuate bure, wala haiiui. Atakayeiokota hata baada ya miaka akiingiza namba yake, inafufuka.

Halafu ligeukieni lile bati la pili. Travel Bug huuzwa na vibati viwili vyenye namba ile ile, kimoja cha kusafiri na kimoja cha kubaki na mwenyewe. Kikipotea cha kwanza, ingia kwa akaunti ya mradi, ichukue Travel Bug kwa namba yake ili irudi mikononi mwako mtandaoni, fungia kibati cha pili kidoli kipya, uweke kasha jingine. Historia na kilomita zinabaki. Angalizo moja: vibati vyote viwili visiwe njiani kwa wakati mmoja kwa kujua, kwa sababu taarifa zitarukaruka, leo Kanada kesho Ureno, na hesabu ya kilomita itakuwa uongo.

Mnapotoa tena, msiweke zaidi ya moja kwenye kasha moja. Chagueni kasha la ukubwa wa kawaida, yaani lita 1 hadi 20. Yale yaliyo chini ya mililita 100 hayaingizi kitu zaidi ya karatasi. Kwenye vipimo vya ugumu, vinavyokwenda 1 hadi 5, tafuteni 2 au 3 kwa ugumu wa kulipata na kwa njia ya kulifikia. Kasha la 1 kwa 1 hufikiwa na kila mpita njia. La 5 linaweza kukaa mwaka mzima bila mgeni. Someni taarifa kumi za mwisho: limepatikana mwezi huu? Kuna anayelalamika kwamba limeloa? Walioandika wameonyesha kuwa walihamisha Travel Bug nyingine?

Iliyo bora kuliko zote ni kuipeleka kwenye mkutano wa wachezaji na kumkabidhi mtu anayesafiri, mkono kwa mkono. Kwa lengo lenu hilo lina maana kubwa, kwa sababu makasha ya pwani ya Kenya ni machache mno ukilinganisha na ya Marekani au Ujerumani, na Travel Bug haifiki Mombasa kwa bahati. Inafika kwa sababu mtu anayekwenda huko ameibeba. Badilisheni maelezo ya lengo yasomeke: "Nipe kwa yeyote anayekwenda Afrika Mashariki." Mnaweza kuyabadilisha wakati wowote, na anayeishika sasa atayaona.

Kidoli cha mwanangu kilipatikana kwenye kasha huko Denmark, lakini kibati hakipo. Kilikatikaje?
*Mzazi, Hamburg*

Ni mnyororo wa vishanga vya chuma unaokuja nacho. Kifungio chake hushikilia kishanga kimoja tu, na watu wanapolipekua kasha hukivuta kwa kukishika kidoli. Tupa mnyororo huo. Tumia pete mbili za funguo, au waya wa chuma uliosukwa wa milimita 1.5 uliobanwa kwa koleo. Kama kidoli ni cha kitambaa, usipitishe pete kwenye uzi wa mshono. Shona kwanza kitanzi cha utepe imara kisha pete ipite humo. Kama ni cha plastiki, toboa sehemu nene, si sikio wala mkia.

Ongeza kadi ya ukubwa wa kitambulisho, iliyofunikwa plastiki ya laminesheni, tundu likiwa angalau milimita 5 kutoka ukingoni na plastiki ikizidi karatasi pande zote ili maji yasipenye. Iandikwe kwa Kiingereza na kwa lugha ya mahali inapoanzia safari: kwamba hiki si kitu cha kubadilishana, ni mradi wa wanafunzi, na kinakwenda wapi. Jina la mtoto na anwani ya nyumbani visiwepo. Kitu kizima kitoshe kiganjani. Kikizidi hapo, mfuniko wa kasha hautafunga sawasawa na mtu atakiacha nje.

Mtu tusiyemjua ameandika kwamba ameiona Travel Bug yetu, nayo iko kabatini shuleni. Inawezekanaje?
*Mwalimu, Leicester*

Bila shaka mliweka mtandaoni picha inayoonyesha kibati. Kuna namba mbili: inayoanza na TB ni ya wazi na inaonekana kwenye ukurasa, iliyogongwa kwenye kibati ni ya siri, na yeyote mwenye nayo anaweza kuandika kuwa ameiona au hata kuihamisha mtandaoni. Futeni picha, pigeni nyingine namba ikiwa imefunikwa kwa kidole, kisha mfute taarifa za uongo, maana mwenye Travel Bug ana mamlaka hayo. Msisubiri kwa matumaini ya kuibadilisha namba: imegongwa kwenye chuma, haibadilishwi kama nywila. Na waambieni wageni wa maonyesho ya shule wasiipige picha upande wa namba.

Travel Bug tunayoifuatilia ina kilomita nyingi lakini kwenye ramani haijatoka wilaya moja. Tena kilomita zake hazilingani na za barabara. Nani anakosea?
*Mwanafunzi wa sekondari, Arusha*

Hakuna anayekosea. Umbali hupimwa moja kwa moja juu ya uso wa dunia, kutoka kasha hadi kasha. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni takriban kilomita 480 kwa mstari huo, wakati basi hupita zaidi ya 600. Mnaweza kuukagua wenyewe: digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na karibu na ikweta digrii ya longitudo haipungui sana hapo. Tafuteni tofauti za kaskazini–kusini na mashariki–magharibi, mzipigie Pythagoras. Kwa umbali wa bara hadi bara njia hiyo haifai. Tumieni fomula ya duara kuu, nusu kipenyo cha dunia kikiwa kilomita 6,371.

Kilomita nyingi ndani ya wilaya moja maana yake ni kwamba kuna mtu anatembea nayo na kuandika kwamba "imetembelea" kila kasha analolipata, bila kuiacha. Inaruhusiwa, na ni habari njema kwenu: iko hai na mwenye nayo anajulikana. Mwandikieni mumwombe aiache kwenye kasha linalofuata linalotosha.