Usimsimulie Rodney, Bishana Naye

Juzi mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Tumepewa insha ya hoja juu ya kitabu cha Walter Rodney. Nimeshakisoma chote ila sijui nianzie wapi. Una madesa?"

Madesa, yaani notisi za kunakili, sina. Ninayo insha yangu mwenyewe, ile iliyopata A na mhadhiri akaisoma mbele ya semina nzima. Nakueleza ilivyopatikana.

Nilipokuwa kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), mwalimu mmoja alisema mbele ya darasa kwamba sisi tuliotoka shule za kata tunajua kukariri tu, kujenga hoja hatuwezi. Maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma. Kwa hiyo chuoni nilipokabidhiwa How Europe Underdeveloped Africa, kitabu hicho cha Rodney kinachodai kwamba Ulaya ndiyo iliyoidumaza Afrika, nilikuwa na la kujibu.

Wenzangu wengi waliandika Rodney ni mtu wa Guyana, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitabu kikatoka 1972, sura ya kwanza inasema hivi, ya pili inasema vile. Huo ni muhtasari. Mhadhiri kitabu anakijua, anachotaka ni kuona wewe umesimama wapi.

Mimi nilitafuta mahali pamoja pa kubishania, nikampata Agaja, mfalme wa Dahomey, Benin ya leo. Mwaka 1727 aliiteka Ouidah, bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Rodney anamtaja kama mtawala aliyejaribu kuipinga biashara ile akashindwa: Wazungu walitaka watu, yeye alihitaji bunduki, na kufikia 1730 akakubali biashara irudi. Hapo ndipo insha ilipozaliwa. Alibanwa kweli, au tangu mwanzo alitaka biashara iwe mikononi mwake? Wapo wanahistoria wanaoshikilia hilo la pili. Na John Thornton, katika kitabu chake cha 1992, akiitazama biashara ya Atlantiki kwa ujumla, anasema watawala wa Kiafrika waliingia kwa hiari yao, kwa kuwa Ulaya haikuwa na nguvu za kuwalazimisha.

Nikamsoma Thornton maktaba mpaka taa zinazimwa. Nilikuwa na hasira naye, lakini nilimsoma kwa makini, nikaandika hoja yake vizuri kiasi kwamba angeisoma mwenyewe angekubali ndiyo yake. Ndugu zangu, mpinzani mpeni nafasi yake yote. Ukimchagua dhaifu ili umpige kirahisi, msomaji anakuona.

Kisha nikaandika sentensi moja: hata tukikubali kwamba Agaja alikuwa anatafuta faida yake, bidhaa aliyoweza kuibadilisha kwa bunduki ilichaguliwa na mnunuzi, kwa hiyo hoja ya Rodney bado imesimama. Sentensi hiyo ikawa uti wa mgongo. Kila aya niliiuliza inasaidia nini pale. Ilikuwepo aya ya reli za kikoloni, jinsi zilivyokimbilia baharini kupeleka mazao badala ya kuunganisha watu wetu. Niliipenda sana aya ile. Nikaifuta, maana kwa Agaja haikuwa na kazi.

Na ninyi fanyeni hivyo hivyo. Mahali pamoja, sentensi moja, mpinzani mmoja wa kweli. Tuache uvivu, jamani! Rodney alipata udaktari wake London mwaka 1966 akiwa na miaka 24. Mwaka 1980 aliuawa kwa bomu Georgetown, hajafika hata arobaini. Mtu aliyeishi kwa hoja kiasi hicho, wewe unamnakili kutoka kwenye madesa ya mwaka jana? Mheshimu, mbishie. Na kama unakubaliana naye, kubali kwa ushahidi, kwa sababu kukubali nako kunahitaji hoja.

Mdogo wangu, utangulizi uache kwanza. Niandikie hiyo sentensi yako moja, halafu niambie ni nani angeipinga na kwa ushahidi gani. Ukikosa wa kuipinga, badilisha sentensi.