Baada ya Arobaini: Kumkumbuka Askari Kijana Aliyeuawa Ugenini

Mpwa wangu aliuawa mashariki mwa Kongo akiwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Jeneza lilipofika likiwa limefunikwa bendera ya Taifa, nyumba ya dada yangu pale Mbagala ilifurika waombolezaji hadi barabarani. Arobaini ilipopita, tukabaki wenyewe. Ushauri ninaoutoa hapa kwa familia zilizofikwa na msiba kama huu umetokana zaidi na makosa yetu.

Kosa kubwa lilihusu simu. Dada alikuwa na mazoea ya kupiga namba ya mwanawe kila usiku, ingawa alijua haipatikani, nasi hatukufikiria kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, mpaka jioni moja ilipoita na mwanamume asiyejua lolote akapokea. Dada hakula siku mbili. Basi, kabla hata ya arobaini, hifadhini picha na ujumbe wake wa sauti katika simu zaidi ya moja. Sisi tuliokoa sauti tatu tu, na katika mojawapo anauliza kama mwembe wa uani umeanza kuzaa.

Serikali na Umoja wa Mataifa wana kumbukumbu zao: Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na Siku ya Walinda Amani, tarehe 29 Mei, ambapo waliopoteza maisha hutunukiwa medali ya Dag Hammarskjöld. Ukialikwa, nenda. Lakini usitarajie hafla ikufanyie kazi ya nyumbani, kwa sababu hafla humtaja askari. Watanzania 7 walipouawa Darfur mwezi Julai 2013, na wengine 15 katika kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, kwa shambulio la tarehe 7 Desemba 2017, wengi wetu tulishika idadi. Aliyekuwa akikoroma, au aliyekuwa na deni la genge, anajulikana kwao tu.

Wenzake wakirudi kutoka ulinzi, waalikeni, na msianze kwa kuwauliza alivyokufa. Waulizeni alivyoishi, la kifo watalisimulia wenyewe wakiwa tayari, na wasipokuwa tayari msiwalazimishe. Kutoka kwao tulijua kwamba ndiye aliyekuwa kinyozi wa kikosi, jambo ambalo hatukulidhania hata kidogo.

Wageni nao wapime maneno. Mmoja alimwambia dada ajivunie kuzaa shujaa, akajibiwa, “Shujaa ni wenu, baba. Mimi nilizaa mtoto.” Nilikuwa nimeshaisema kauli hiyo hiyo mara kadhaa, na tangu siku ile nimeiacha.

Hitima ya mwaka jana iliangukia msimu wa maembe. Dada aliwafungia askari wanne waliokuwa na mwanawe mfuko mmoja mmoja, kisha akawachezea ile sauti.