Nilivyomwaga nguzo ya zege ya darubini, na nilipokosea

Miaka miwili nilikuwa naisimamisha darubini yangu kwenye miguu mitatu, juu ya sakafu ya baraza. Nikigusa tu kirungu cha kurekebisha ukali wa picha, Zohali inaanza kucheza. Nangoja itulie, mtu anapita nyuma yangu, inacheza tena. Ukikuza mara 200, hata hatua ya mtoto umeikuza mara 200. Ndipo nikachukua sururu, nikaenda nyuma ya nyumba.

Kabla ya kuchimba, kaa usiku kadhaa pale unapopataka. Mti ambao mchana huuoni kuwa kitu, usiku unakula robo ya anga.

Shimo langu lina upana wa sentimita 80 kila upande na kina cha mita moja. Chini nilimwaga kitako cha sentimita 60, kisha juu yake nguzo ya kipenyo cha sentimita 30. Nondo nne za milimita 12, zilizofungwa kwa ringi, zinatoka ndani ya kitako na kupanda hadi karibu na kichwa cha nguzo. Mchanganyiko ni ule wa kawaida: saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Maji usiyamwage kwa huruma. Zege la uji ni rahisi kumimina lakini ni dhaifu. Wenye kuishi kwenye baridi kali washuke chini ya kina ambacho ardhi huganda, la sivyo barafu itaiinua nguzo.

Urefu ndio watu hukosea. Nguzo ikirefushwa mara mbili, kichwa chake hupinda mara nane zaidi kwa msukumo uleule. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, ugumu hupanda mara 16. Kwa hiyo nenepesha, usirefushe. Pima kwanza darubini ikiwa kwenye miguu yake, uielekeze utosini na kisha karibu na upeo, uone jicho lako linafika wapi. Yangu ina lenzi mbele, hivyo ikitazama juu jicho linashuka karibu na magoti.

Ukitaka kuweka sakafu kuizunguka, isiiguse nguzo kabisa. Acha mwanya wa sentimita mbili au tatu. Zikishikana, kila hatua yako itapanda mpaka kwenye darubini, na tani moja na ushee ya zege uliyoizika itakuwa kazi bure.

Sasa kosa langu. Bolti za kushikia kichwa cha darubini, yaani kile kinachoibeba na kuigeuza, nilizipanga kwa dira, nikasahau kwamba dira huonyesha kaskazini ya sumaku. Nilipokuja kulenga ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, skrubu za kurekebishia zilifika mwisho wake kabla ya kufika nilikotaka. Ilinibidi nitafute bamba la chuma na kulitoboa matundu marefu. Laiti ningetumia timazi: itundike kwenye kamba, uchore kivuli cha kamba jua likiwa juu kabisa. Mstari huo ni kaskazini-kusini halisi. Ila saa sita ya saa yako mara nyingi siyo saa sita ya jua, tafuta wakati sahihi wa siku hiyo.

Bolti zenyewe zishikilie kwa plaiwudi iliyotobolewa matundu kamili, vinginevyo zege likitikiswa zitahama. Nyuzi zake zifunge utepe. Pima maji itumie ukiwa bado na muda wa kusogeza, siyo zege likishaanza kushika.

Nililimwagilia maji siku saba na kungoja siku 28 kabla ya kupandisha chochote. Usiku wa kwanza nilipiga nguzo ngumi huku natazama nyota: ilitetema kidogo, ikatulia kabla sijakunjua vidole.

Bomba la kupitishia nyaya ndani ya nguzo nililisahau. Kila usiku nazirukia gizani.