Maswali ya Wasomaji: Nafasi za Utafiti katika Modeli za Magonjwa

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: kazi za utafiti kwa wanaotumia hisabati na kompyuta kueleza jinsi magonjwa, mbu na virusi vinavyoenda. Tumechagua sita.

Nina shahada ya kwanza ya hisabati. Baiolojia niliiacha Senior Four. Matangazo yote yanataka "baiolojia ya kikompyuta". Niombe au niache?
*Msomaji, Mbarara*

Omba, ila usiishie kwenye kichwa cha tangazo. Jina hilo moja hubeba kazi tatu zisizofanana. Majukumu yakitaja jinomu, mfuatano wa DNA na Linux, hiyo ni bioinfomatiki. Makerere inaifundisha, na taasisi kama UVRI, taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, huihitaji kufuatilia virusi. Yakitaja majaribio ya dawa, ukubwa wa sampuli na rigresheni, wanatafuta mtu wa takwimu za afya. Yako ni ile ya tatu: milinganyo ya difrenshali, uigaji, makadirio ya vigezo. Hapo mwenye hisabati anaanza mbele.

Baiolojia utaikuta njiani, lakini chukua ugonjwa mmoja uujue mpaka ndani, usidonoe kumi. Tuseme malaria. Vimelea hukaa takriban siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Mbu akiwa na uwezekano wa 0.9 wa kuiona kesho, wanaofikisha siku 10 ni 0.9 kipeo cha 10, karibu 35 kati ya 100. Dawa ya ukutani ikishusha uwezekano huo hadi 0.8, wanabaki 11. Ukifukia madimbwi ukapunguza idadi ya mbu kwa nusu, hatari inapungua kwa nusu, basi. Hoja hii ya umri wa mbu ni ya George Macdonald, miaka ya 1950, aliyejenga juu ya kazi ya Ronald Ross. Anayeweza kuieleza hivyo mbele ya jopo la usaili bila kutazama karatasi haulizwi tena habari za Senior Four.

Ukikosa nafasi mwaka huu, tazama uzamili wa AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ambayo ina kituo Kigali. Kilifi nchini Kenya na Ifakara nchini Tanzania pia kuna vikundi vya modeli za malaria.

Nimeitwa kufanya kazi ya majaribio: wamenipa idadi ya wagonjwa kwa wiki 30, niandike modeli na ripoti ya kurasa 3 ndani ya siku 5. Wanaangalia nini hasa?
*Msomaji, Gulu*

Wanaangalia kama unajua kujisahihisha. Grafu za rangi kila mtu anazo.

Siku ya kwanza usiguse takwimu zao. Andika modeli ndogo kabisa, ile ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, yenye visanduku vitatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, waliopona. Weka watu 1,000,000 na mgonjwa 1. Kasi ya kuambukiza iwe 0.5 kwa siku. Kasi ya kupona iwe 0.2 kwa siku, yaani mtu huumwa siku 5 kwa wastani. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate R sifuri, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza kwa wastani mwanzoni mwa mlipuko: 2.5. Majibu ya modeli hii yanapatikana kwa kalamu. Kwenye kilele, karibu asilimia 23 ya watu ni wagonjwa kwa wakati mmoja, na mlipuko unapoisha asilimia 89 wameshaugua. Programu yako ikitoa kitu kingine, usiilaumu kompyuta.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni la hatua ya muda. Mtu anaandika mzunguko unaoruka siku nzima: wagonjwa wa kesho ni wa leo, ongeza sehemu 0.5, toa 0.2, yaani mara 1.3. Jibu halisi ni mara 1.35, kwa sababu katika milinganyo hii aliyeambukizwa asubuhi anaanza kuambukiza wenzake kabla ya jua kuzama. Utasema ni tofauti ndogo. Endesha siku 20: mzunguko wa kuruka unakupa wagonjwa 190, jibu sahihi ni karibu 403. Tena ukiulazimisha mzunguko huo ulingane na takwimu za kweli, utakuletea kasi ya kuambukiza ya 0.55 badala ya 0.5, na R sifuri ya 2.75. Ripoti inapendeza, mstari unapita katikati ya nukta, na namba ni ya uongo. Tumia kisuluhishi kinachojipangia hatua chenyewe: lsoda katika kifurushi cha deSolve cha lugha ya R, au solve_ivp ya SciPy kwa watu wa Python.

Ndugu yake ni kosa la kuchanganya kasi na uwezekano. Kasi ya kupona ya 0.2 kwa siku ni 1.4 kwa wiki, na kasi inaruhusiwa kupita 1. Uwezekano hauruhusiwi. Ukitaka uwezekano wa mtu kupona ndani ya wiki, toa kwenye 1 namba e iliyopandishwa kipeo cha hasi 1.4, unapata 0.75.

Siku ya pili fungua takwimu. Kama zimetoka kwenye ripoti za kila wiki za vituo vya afya, angalia nafasi tupu. Wiki ambayo kituo hakikutuma fomu mara nyingi huingizwa kama sifuri, na modeli itaamini ugonjwa ulikwenda likizo. Ziandike kama hazipo. Kisha kumbuka kuwa fomu zinahesabu wagonjwa *wapya* wa wiki, ilhali kisanduku cha katikati kina *walio wagonjwa sasa*. Kulinganisha hivyo viwili ni kulinganisha mvua na maji yaliyomo kwenye pipa. Ongeza kisanduku cha nne kinachojumlisha maambukizi mapya tu, kisha kila wiki toa jumla ya wiki iliyotangulia.

Usijaribu kukadiria kila kigezo. Mwanzoni mwa mlipuko, kituo kinachoandikisha mgonjwa 1 kati ya 5 na kinachoandikisha 1 kati ya 10 huonyesha mstari unaopanda kwa kasi ile ile, hivyo takwimu za wiki hizo peke yake haziwezi kukuambia wangapi hawakuonekana. Shikilia muda wa kuumwa kutoka kwenye utafiti uliochapishwa, jaribu viwango viwili au vitatu vya uandikishaji, onyesha jibu linavyobadilika. Sentensi moja inayokiri hivyo ina uzito kuliko ukurasa wa milinganyo.

Na kama wagonjwa ni wachache, weka unasibu, yaani nafasi ya bahati, ndani ya modeli. Mlipuko wa ebola ya Sudan wa mwaka 2022, ulioanzia Mubende, ulithibitishwa kwa watu 142 nchi nzima. Kwa namba ndogo hivyo, mlinganyo laini, yaani usio na unasibu, huzungumzia nusu mgonjwa. Ukiweka unasibu katika modeli yetu ya R sifuri 2.5, mgonjwa mmoja akiingia mjini kuna uwezekano wa 1 gawanya kwa 2.5, yaani asilimia 40, kwamba mnyororo utajizimia wenyewe. Mlinganyo laini hauoni hilo kabisa. Kwake mlipuko hutokea kila mara. Kumbuka kuandika mbegu ya namba nasibu, yaani namba ya kuanzia inayofanya bahati ile ile ijirudie, ndani ya msimbo, la sivyo msahihishaji atapata grafu nyingine na kudhani umedanganya.

Siku ya tano zima kompyuta, iwashe upya, endesha folda nzima kuanzia faili la kwanza. Njia ya faili inayoanza na jina lako la mtumiaji itakwama kwenye mashine ya jopo, na hawatakupigia simu kuulizia.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na umeme huku hauaminiki. Inatosha?
*Msomaji, Tororo*

Kwa milinganyo ya visanduku, inatosha na kubaki. Kwa kuunganisha jinomu, hapana. Tatizo lako ni umeme: kukadiria vigezo kunaweza kuchukua usiku mzima, na stima ikikatika saa tisa usiku unaanza upya. Ifanye programu ihifadhi matokeo kwenye diski kila baada ya marudio 500, na ikiwashwa isome ilipoishia. Msimbo uweke kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, uutume mtandaoni kila jioni. Hata bando dogo linatosha, kwa kuwa ni maandishi matupu.

Nimewaandikia maprofesa 40 wa ng'ambo kuomba nafasi ya uzamivu. Hakuna hata mmoja aliyejibu.
*Msomaji, Jinja*

Pole, lakini tunahisi barua zote 40 zilikuwa moja. "Navutiwa sana na utafiti wako" inasomeka vilevile kwa mtu wa mbu na kwa mtu wa saratani.

Andika tano. Maneno 150 yatosha. Sentensi ya kwanza itaje dhana moja iliyomo kwenye makala yake, kwa mfano kwamba amechukulia mbu wazee na vijana wanakufa kwa kasi moja. Ya pili iseme uliirudia modeli yake, ukaibadilisha dhana hiyo, na kipi kilihama. Weka kiungo cha msimbo. Malizia kwa swali moja: je, mwaka huu ana nafasi yenye ufadhili? Vyeti na wasifu viambatanishwe, visielezwe. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha songa mbele.

Kuhusu wadhamini: mhadhiri aliyekupa A katika darasa la watu 200 ataandika mistari minne isiyo na ladha. Bora msimamizi wa mradi wako, hata kama hana cheo kikubwa. Mpe taarifa mwezi mmoja kabla, pamoja na karatasi yenye tangazo, tarehe ya mwisho na mambo matatu uliyoyafanya mbele ya macho yake.

Rafiki yangu wa hospitali ya wilaya anaweza kunipa orodha ya wagonjwa kwenye flashi ili nifanyie modeli ya mfano. Kuna ubaya?
*Msomaji, Arua*

Upo, tena mkubwa. Usiichukue. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawagusa ninyi wawili, na kufuta majina hakutoshi: katika kijiji kidogo, umri, jinsia na tarehe ya kulazwa vinamtaja mtu wazi kabisa. Njia halali ni kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kwa modeli ya kuonyesha kazi huhitaji hayo yote. Tengeneza takwimu za kubuni kwa modeli yako mwenyewe, vifiche vigezo, kisha uone kama makadirio yako yanavirudisha. Majopo hupenda zoezi hilo, maana jibu sahihi linajulikana.

Nimepata nafasi ya mwaka 1 kwenye mradi, lakini mkataba unaniita "mshauri". Nitie saini?
*Msomaji, Kampala*

Uliza kwanza. Mwajiriwa hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri huongeza asilimia 10. Mshauri hapati hiyo 10, na kwa kawaida malipo yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 6. Kama utaripoti ofisini kila siku na kupewa kazi na msimamizi, una hoja ya kudai mkataba wa ajira. Wakikataa, ongeza pengo hilo kwenye kiwango unachoomba.

Halafu dai vitu viwili kwa maandishi. Kwanza, nafasi ya jina lako kwenye makala zitakazotokana na modeli utakayoijenga. Pili, ruhusa ya kuendelea kutumia msimbo wako mradi ukiisha. Data zibaki kwao.