Kwa Anayetaka Kununua Psion 5mx Leo
Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza iwapo ni busara kununua kompyuta ya mkononi ya Psion Series 5mx iliyokwisha kutumika, kwa kuwa amenisoma mara nyingi nikiisifia. Jibu langu ni ndiyo, ikiwa kazi yake ni kuandika. Ikiwa anatafuta pambo la kabatini, fedha yake aitumie kwingine.

Mimi ni mfasiri ninayeishi Uingereza, nchi ambayo Psion ilizaliwa. David Potter aliianzisha kampuni hiyo mwaka 1980, Series 5 ikatoka mwaka 1997, na 5mx ikafuata mwaka 1999 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 16 na prosesa ya megahezi 36. Namba hizo, kwa udogo wake, huwachekesha wenzangu. Mwaka 2001 kampuni ikatangaza kujitoa katika biashara ya kompyuta hizo, nasi tuliozizoea tukaachwa tujitafutie wenyewe, jambo ambalo hadi leo linaniuma.

Kilichonifunga kwake ni kibodi, iliyobuniwa na Martin Riddiford. Ukifungua mfuniko, kibodi huteleza mbele na kioo huegemea nyuma yake, kiasi kwamba hata ukikibonyeza kwa kalamu mashine haipinduki. Vitufe vinabonyea sawasawa, nami huandika kwa vidole vyote katika kitu chenye uzito wa takriban gramu 350. Nikigusa kitufe cha Esc mashine huwaka papo hapo, na sentensi naikuta pale pale nilipoiacha. Mwezi uliopita nilikamilisha humo rasimu ya tafsiri ya mwongozo mzima wa wapangaji wa nyumba, sehemu kubwa nikiwa ndani ya treni, wakati wale wanaonicheka walikuwa bado wanahangaika na sura ya pili.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aufungue na kuufunga mfuniko mara kadhaa mashine ikiwa imewashwa. Kwenye bawaba hupita waya bapa unaopeleka picha kwenye kioo, na kila ufunguapo hujikunja. Ukianza kupasuka, mistari hutokea, na mwishowe kioo hakionyeshi kitu. Yangu ilipopatwa na ugonjwa huo niliipeleka kwa fundi mmoja mwenye duka la kifahari, akaniambia mbele ya wateja wake kwamba vitu vya namna ile havitengenezwi bali hutupwa, kisha akanidai ada ya kuitazama. Nililipa. Waya mpya niliupata kwa mshabiki mwenzangu, nikauweka kwa mikono yangu, na mashine ikafufuka.

Jambo jingine ni betri. Faili hukaa katika kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote, unaotoka kwenye betri mbili za AA, pamoja na betri ndogo ya duara aina ya CR2032 iliyo ya akiba. Hiyo ndogo ndiyo watu huisahau. Ukizitoa zile mbili wakati ya akiba imekufa, kazi yako yote inapotea. Kwa hiyo hifadhi kila kitu kwenye kadi ya CompactFlash, ambayo hutunza faili bila umeme. Narudia: kwenye kadi, kila jioni. Ukitaka kuzihamishia faili kwenye kompyuta nyingine, zitoe kwanza kama maandishi matupu, kwa sababu kompyuta za leo haziutambui muundo wa faili za Psion.

Wapo wanaonishauri nihamie Gemini, kompyuta ya mkononi ya kampuni ya Planet Computers, iliyotoka mwaka 2018 ikiwa na kibodi ambayo Riddiford huyo huyo alishiriki kuibuni. Kibodi ni nzuri, sina ubishi, lakini inatumia Android, na pamoja nayo zinakuja zile taarifa na jumbe ninazozikimbia. Vijana wengi wanasubiri mashine mpya ije iwafanye waandishi. Anayelalamika kwamba hapati muda wa kuandika, huku simu inalia mezani kila dakika, na aizime hiyo kwanza kabla hajaniuliza habari za kompyuta yoyote.